Simu ya ofisini inakatika ukiihamisha: dalili, chanzo na dawa

Mteja anayepiga kuulizia mzigo wake hajui kama ofisi yako inatumia mtambo wa maana au kisanduku kidogo kilichobandikwa nyuma ya kabati. Anachojua ni kwamba dada wa mapokezi amemwambia "subiri nikuunganishe na mhasibu", kikafuata kimya, halafu simu ikakata. Atapiga mara ya pili. Ikiwa vilevile, ya tatu atampigia jirani yako anayeuza kitu hichohicho. Ndiyo maana tatizo la kuhamisha simu nalipa uzito kuliko mengine. Simu isiyoita kabisa huonekana siku hiyohiyo na fundi huitwa. Inayokatika wakati wa kuhamishwa inaweza kukaa miezi bila mwenye ofisi kujua, kwa sababu anayeumia yuko nje na hana wa kumlalamikia.

Haya ninayoandika ni kwa ofisi ndogo: simu tatu hadi ishirini, laini moja au mbili za simu zinazopita kwenye intaneti, mtambo (programu inayopokea simu na kuzigawa ofisini) wa Asterisk au FreePBX, au pengine hakuna mtambo kabisa na simu zimesajiliwa moja kwa moja kwa mtoa huduma.

Anza na vidole vya anayehamisha

Kabla ya kufungua ruta, kaa kando ya mtu wa mapokezi. Mpigie kwa simu yako ya mkononi, mwambie: dada, nihamishe kama unavyowahamisha wateja. Usimwelekeze. Tazama tu.

Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nilitazama hivi: akabonyeza kitufe kilichoandikwa Transfer, akabonyeza 1, 0, 3, akasikia mlio mmoja wa kuita kule stoo, akarudisha mkono wa simu mahali pake. Simu yangu ikakatika palepale. Akanigeukia: "Unaona, kaka? Ndivyo inavyofanya kila siku." Kwenye mtandao hakukuwa na kosa lolote. Simu ya zamani waliyokuwa nayo, ukirudisha mkono wa simu, ilielewa kwamba umemaliza kuhamisha. Hii mpya ilielewa kwamba umekata. Simu za Yealink, kwa mfano, zina chaguo kwenye mipangilio la kukamilisha uhamisho pale unapoweka simu chini. Nililiwasha, kazi ikaisha. Wiki tatu nzima walikuwa wakigombana na mtoa huduma.

Kuna namna mbili za kuhamisha, na huwezi kutafuta ugonjwa bila kujua ni ipi iliyotumika. Ya kwanza mimi huiita kurusha: unampeleka mteja kwenye namba nyingine bila kuongea kwanza na anayepelekewa. Ya pili ni kukabidhi: unamwacha mteja anasubiri, unamwambia mhasibu "nina mtu wa ankara ya juzi", akikubali ndipo unawaunganisha. Katika kurusha, simu ya mapokezi hutuma ujumbe mmoja wa SIP (lugha ambayo simu za intaneti hutumia kupiga, kuhamisha na kukata) uitwao REFER, kana kwamba inasema "mpeleke huyu kwenye namba hii", kisha inajitoa. Katika kukabidhi kuna simu mbili zilizo hai kwa wakati mmoja, na REFER hubeba neno la ziada, Replaces, linalouambia mtambo uziunganishe hizo mbili na aliye katikati aondoke. REFER iliwekwa kwenye kanuni mwaka 2003 na Replaces mwaka 2004, kwa hiyo karibu kila simu ya mezani ya SIP utakayokuta dukani inazijua. Swali ni kama upande wa pili unazikubali.

Jaribio linalofuata halihusu kuhamisha kabisa. Mwambie dada akubonyezee kitufe cha kukusubirisha, cha Hold, halafu akurudie baada ya sekunde kumi. Kila uhamisho huanza kwa kumsubirisha mteja. Kama simu inakatika hapo, au akirudi hamsikiani, acha habari ya kuhamisha na utengeneze kusubirisha kwanza. Nimewaona mafundi wakipoteza siku nzima kwa kuruka hatua hii ya sekunde kumi.

Halafu jaribu njia nne, moja baada ya nyingine, ukiandika matokeo kwenye karatasi:

1. Ekstensheni, yaani simu ya ndani yenye namba yake fupi, inapiga ekstensheni nyingine, inahamishwa kwenda ekstensheni ya tatu.
2. Simu ya nje inaingia, inahamishwa ndani.
3. Mapokezi wanapiga nje, kisha wanamhamisha waliyempigia kwenda ndani.
4. Simu ya nje inaingia, inahamishwa kwenda simu ya mkononi iliyo nje.

Ya kwanza ikifanya kazi na ya pili ikakwama, simu zako na vitufe vyake ni vizima. Ugonjwa uko kwenye laini ya nje au ruta. Ya kwanza ikikwama, usimpigie mtoa huduma, hahusiki.

"Nabonyeza, hakuna kinachotokea"

Kama mtambo ni wako, ingia kwenye seva na ufungue programu ya sngrep. Itakuonyesha kila ujumbe wa SIP kwa mishale, wa kwenda na wa kurudi. Hamisha simu huku ukitazama. Kama mshale wa REFER hautokei, simu haikuutuma: kitufe kimepangiwa kazi nyingine, au mtu hamalizi hatua ya mwisho, maana simu nyingi humtaka abonyeze Transfer mara ya pili. REFER ikitokea na kujibiwa 202, mtambo umekubali ombi. Tazama ujumbe wa NOTIFY unaofuata, ndani yake kuna jibu la kweli la jinsi ilivyokuwa kule mbele. Ikijibiwa kwa kukataliwa, angalia kama ekstensheni hiyo imenyimwa ruhusa. Kwenye Asterisk ya sasa ni mpangilio wa allow_transfer, ambao kwa kawaida huwa yes hadi mtu auzime.

Baadhi ya ofisi hazitumii kitufe, zinatumia misimbo ya mtambo: ## ya kurusha na *2 ya kukabidhi, kama FreePBX inavyokuja. Hapo REFER haihusiki. Mtambo unasikiliza tarakimu unazobonyeza katikati ya mazungumzo, na usipozisikia hakuna kitakachotokea zaidi ya mteja kupigiwa mlio masikioni. Sababu huwa tatu. Ya kwanza, kasi: Asterisk kwa kawaida hutoa milisekunde 1000 kati ya tarakimu moja na inayofuata, na mtu anayebonyeza polepole anachelewa. Ya pili, namna tarakimu zinavyosafirishwa. Simu na mtambo lazima vikubaliane kuzituma kama ujumbe wake pekee, njia inayojulikana kwa namba ya kanuni zake, RFC 2833 au mrithi wake RFC 4733. Zikitumwa ndani ya sauti, na sauti yenyewe imebanwa kwa kodeki ya G.729, zinafika zimeharibika.

Sababu ya tatu ni ruhusa za Dial, amri ya Asterisk ya kupiga simu, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu pesa hupotea hapa. Herufi t ndogo humruhusu aliyepigiwa kuhamisha. T kubwa humruhusu aliyepiga. Kwa simu zinazoingia kutoka nje, aliyepigiwa ni wewe, kwa hiyo unahitaji t ndogo tu. Ukiweka na T kubwa, umempa mpigaji yeyote wa nje uwezo wa kubonyeza ## na kujihamishia kwenye namba ya nchi ya mbali kwa gharama yako. Kwa simu zinazotoka ni kinyume chake, T kubwa peke yake. Ukikuta herufi zote mbili zimewekwa kila mahali "ili mambo yaende", ziondoe leo.

Wenye simu za kawaida zilizochomekwa kwenye kisanduku cha kuzigeuza kuwa za intaneti wana ugonjwa wao wa pekee. Kuhamisha kwao huanza kwa kitufe cha Flash au R, ambacho hukata laini kwa muda mfupi sana na kuirudisha. Kisanduku cha Grandstream HT801 kikitoka kiwandani hutarajia mkato wa kati ya milisekunde 300 na 1100. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hukata kwa milisekunde 100 hivi, na kisanduku hakishtuki. Shusha kiwango cha chini kwenye mipangilio ya kisanduku hadi 80, jaribu tena.

"Inaniambia namba haipo"

Kwenye sngrep utaona 404. Kanuni ya kukumbuka: anayehamisha hutumia ruhusa zake, wala si za mteja. Mtambo huitafuta namba kwenye eneo la namba ambalo simu ya mapokezi imewekwa, lile ambalo Asterisk huliita context. Kwa hiyo piga namba hiyohiyo moja kwa moja kutoka simu ya mapokezi. Isipopatikana, umeshapata jibu.

Ikipatikana kwa kupiga lakini haipatikani kwa kuhamisha, chunguza jinsi namba ilivyoandikwa. Watu wengi huhamisha kwa kuchagua jina kwenye kitabu cha simu, na humo namba imeandikwa kwa +255 mwanzoni, au ina nafasi katikati, wakati mtambo umefundishwa kuelewa sifuri tu. Na usimpe mtu ekstensheni 112 wala 114. Tanzania hizo ni namba za polisi na zimamoto, na mtambo uliopangwa vizuri utazipeleka huko.

Laini mbili, watoa huduma wawili, simu moja

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo hali ninayoikuta kwenye ofisi nyingi zisizo na mtambo, na inawachanganya hata watu wanaojua kompyuta vizuri.

Ofisi ilianza na laini moja ya intaneti. Baadaye ikaongeza ya pili kwa mtoa huduma mwingine kwa sababu bei ya kupiga nje ya nchi ilikuwa nafuu. Simu ya mezani ina nafasi za akaunti mbili au zaidi, kwa hiyo zote zikasajiliwa kwenye simu hiyohiyo: kitufe cha juu laini ya kwanza, cha chini laini ya pili. Kupiga na kupokea ni sawa kabisa. Siku mteja akiingia kwa laini ya kwanza, mapokezi wanataka kumpeleka kwa mwenzao aliyesajiliwa kwenye laini ya pili, na inagoma.

Inagoma kwa sababu simu yako haihamishi chochote yenyewe. Inaomba. REFER inakwenda kwa mtoa huduma wa kwanza, ikimwomba ampeleke mteja kwenye namba 102. Huyo hana 102 yoyote. 102 iko kwa mtoa huduma wa pili, na hawa wawili hawajuani. Anajibu 404. Ukijaribu kukabidhi badala ya kurusha, ndiyo inazidi kuwa ngumu: simu inamwambia wa kwanza "badilisha simu hii na ile", na "ile" iko kwenye seva ya mtu mwingine, ambayo huyo wa kwanza haioni. Hapo mara nyingi hujibiwa 481, yaani mazungumzo unayoyataja hayapo kwangu. Na baadhi ya watoa huduma huzima REFER kabisa kwa hofu ya wizi wa dakika, hivyo hata ndani ya laini moja haitakubali.

Njia za kutoka ni tatu, na ubora wake haulingani.

Ya haraka ni kuhamisha kwenda namba kamili ya laini ya pili, ile ambayo mtu wa nje angeipiga, badala ya 102. Kama mtoa huduma wa kwanza anaruhusu REFER, simu itakwenda. Itatozwa kama simu inayotoka, dakika kwa dakika, hadi mteja akate.

Ya pili ni kuunganisha watu watatu kwa kitufe cha Conference. Hapa simu yako ya mezani inachanganya sauti yenyewe, haimwombi mtu, kwa hiyo inafanya kazi hata kama watoa huduma hawajuani. Lakini lazima ubaki kwenye simu hadi wamalize, na simu hiyo haipokei mteja mwingine. Kwa ofisi yenye mapokezi ya mtu mmoja, hiyo ni dawa ya siku moja tu.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa kila ofisi yenye laini zaidi ya moja: weka mtambo mdogo katikati. Akaunti zote mbili zisajiliwe kwenye mtambo, na simu zote za mezani zisajiliwe kwenye mtambo, zisijue habari ya watoa huduma. Mteja akiingia kwa laini yoyote, kwa mtoa huduma simu hiyo inaishia kwenye mtambo wako. Kuanzia hapo kuhamisha ni jambo la ndani ya nyumba. REFER haitoki nje. Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) yenye Asterisk inatosha kwa simu kumi, ilimradi uiweke kwenye UPS (betri ya akiba) na kadi ya kumbukumbu nzuri, kwa sababu umeme ukikatika ovyo kadi huharibika na ofisi nzima hubaki bububu. Ukiona kusimamia seva ni mzigo, kodi mtambo ulioko mtandaoni. Kanuni ni ileile.

"Imeunganika lakini hatusikiani"

Kimya baada ya kuhamisha maana yake ni kwamba ujumbe wa SIP umefika na sauti haijafika. Vinasafiri kwa njia tofauti. SIP kwa kawaida hutumia poti (mlango wa mtandao) 5060. Sauti hutumia poti nyingine nyingi, ambazo kwenye FreePBX ni kati ya 10000 na 20000 za UDP.

Kuna wakala mmoja wa forodha, ofisi kuu Dar es Salaam, tawi Tunduma mpakani. Mtambo uko Dar, tawi limeunganishwa kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, juu ya ruta ya 4G. Dar wakipiga Tunduma, safi. Wateja wakipiga Dar, safi. Mteja wa Lubumbashi akipiga Dar kuulizia kontena lake na akahamishiwa Tunduma, kimya pande zote mbili. Mama mwenye ofisi aliniambia kwa uchungu, "Mwanangu, huyu mteja analipa gari saba kwa mwezi, na anadhani tunamfungia simu makusudi."

Nilifungua sngrep, nikahamisha simu, nikasoma kila ujumbe wa INVITE, ule unaoanzisha simu au kubadilisha njia ya sauti yake. Ule wa mwisho uliokwenda kwa mtoa huduma ulikuwa na mstari huu:

c=IN IP4 192.168.8.104

Ndiyo anwani ya simu ya mezani iliyoko Tunduma, nyuma ya ile ruta. Mtambo ulikuwa umemwambia mtoa huduma: mimi najitoa, peleka sauti moja kwa moja kwa 192.168.8.104. Anwani hiyo ni ya ndani. Mtoa huduma hana njia ya kuifikia, wala mtu mwingine yeyote nje ya VPN yetu. Hiyo ndiyo kazi ya direct_media, ambayo Asterisk huiwasha usipoizima. Kwenye simu zote za Dar ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Simu ya Tunduma iliongezwa baadaye na ikabaki kama ilivyokuja, na laini ya nje nayo vilevile. Pande zote mbili zikikubali, mtambo hujitoa. Upande mmoja ukikataa, hubaki katikati. Ndiyo maana Dar na Tunduma walisikiana. Niliweka direct_media=no kwenye simu zote na kwenye laini ya nje, nikapakia upya, nikampigia yule mama kupitia mapokezi, akahamishiwa Tunduma akiwa Dar. Alimsikia kijana wake anamwamkia.

Ukikuta sauti ya upande mmoja tu, kwanza uhakikishe mtambo unajua anwani yake ya nje na mitandao yake ya ndani: external_media_address, external_signaling_address na local_net. Kwa simu zilizo nyuma ya ruta za mbali washa rtp_symmetric, force_rport na rewrite_contact. Kwenye ruta yenyewe tafuta kitu kinachoitwa SIP ALG na ukizime. Kiliwekwa kusaidia, lakini hugusa anwani ndani ya ujumbe na mara nyingi huziharibu, hasa wakati wa kuhamisha, ambapo anwani hubadilika katikati ya mazungumzo.

Angalia pia anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya mtandao. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma. Mnatumia moja na wateja wengine, na kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii kitu. Hapo dawa ni VPN kwenda mahali penye anwani ya umma, au mtambo ulioko mtandaoni.

Kodeki ni suala fupi. Ukiona 488, pande mbili hazikukubaliana lugha ya sauti. Weka kodeki ya alaw iwe ya kwanza kwenye simu zote na laini zote, ndiyo inayotumika kwenye mitandao ya simu Afrika na Ulaya.

"Inakatika baada ya muda uleule"

Chukua saa, pima. Muda ndio utakaokuambia chanzo.

Ikikatika sekunde ya 32, ujumbe uitwao ACK haukufika. Anayepokea simu husema "nimepokea", na anayepiga lazima athibitishe kwa ACK. Isipofika, anayepokea hurudia na kurudia, na baada ya sekunde 32 anakata tamaa na kufunga. Namba hiyo imo kwenye kanuni za SIP zenyewe: mara 64 ya nusu sekunde. Chanzo karibu siku zote ni anwani isiyo sahihi ndani ya ujumbe, kwa hiyo rudi kwenye mambo ya ruta na anwani ya nje niliyotaja juu.

Ikikatika dakika ya 15, au karibu na ya 30, ni kipima muda cha mazungumzo. Pande mbili hukubaliana kuthibitisha kwamba simu bado ipo. Kiwango cha kawaida ni sekunde 1800, na uthibitisho hutumwa katikati, yaani dakika ya 15. Baada ya kuhamisha, uthibitisho unaweza kwenda kwa aliyekwisha kuondoka, au ukagonga ruta iliyokwisha kufunga njia. Kuzima kipima muda kwenye laini ya nje huondoa dalili, lakini kwanza jaribu kupunguza muda wa simu kujisajili upya na kuwasha ujumbe wa kuamsha njia kila sekunde 25 au 30.

Ikikatika sekunde ya 15 wakati kule bado inaita, na mlitumia *2, mtambo umemchoka mhasibu. Asterisk husubiri sekunde 15 tu katika kukabidhi kwa msimbo. Ongeza atxfernoanswertimeout hadi 30.

Kuhamisha kwenda simu ya mkononi ya bosi

Wenye biashara wengi wanataka hili kuliko yote, na lina mitego.

Simu iliyoingia kutoka nje na kuhamishwa kwenda nje hutumia nafasi mbili za laini yako. Kama umelipia nafasi mbili tu, uhamisho huo mmoja umejaza ofisi, na mteja wa pili atakuta mnatumika. Sauti nayo inapita kwenye intaneti yako mara mbili: kwa alaw ni takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila simu kila upande, kwa hiyo 174 za kupandisha na 174 za kushusha. Kwenye faiba hutahisi. Kwenye bando la 4G jioni, utahisi.

Halafu kuna namba inayoonyeshwa. Mtambo ukituma namba ya mteja ili bosi aione, baadhi ya watoa huduma hukataa kwa 403, kwa kuwa namba hiyo si yako. Pangia laini ya nje itume namba yako mwenyewe kwa simu zilizohamishwa. Bosi hatamwona mteja, lakini simu itafika.

Wengine hukwepa gharama kwa kumwekea bosi programu ya simu, Zoiper au Linphone, na kumpa ekstensheni. Ni wazo zuri, na malalamiko yake ni yaleyale: "wananihamishia, kwangu haiiti." Simu za Android huilaza programu ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazolazwa, iruhusu kufanya kazi ikiwa imefungwa, halafu jaribu simu ikiwa imezimwa kioo kwa nusu saa. Ukijaribu ikiwa mkononi imewaka, itaita tu, na utaondoka ukiamini umetengeneza.

Mhasibu anaona namba ya mapokezi, haoni ya mteja

Katika kukabidhi ndivyo inavyotakiwa mwanzoni, kwa kuwa anayempigia ni mapokezi kweli. Uhamisho ukikamilika, namba inapaswa kubadilika. Isipobadilika, washa send_pai au send_rpid na uache send_connected_line ikiwa yes, kisha uhakikishe simu ya mezani imewekwa isome taarifa hizo.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

"Simu zinakatika" haitakusaidia. Atakuomba mfano, na mfano ni simu moja iliyotokea leo au jana. Hapa kuna mtego wa lugha yetu. Dada wa mapokezi akikwambia ilikuwa saa nne na robo asubuhi, kwenye kumbukumbu za mtambo itafute 10:15. Kama seva imewekwa kwenye saa za UTC, itafute 07:15. Nimeshatuma mfano wa simu isiyo yenyewe kwa sababu hiyo, na tukapoteza siku mbili.

Ujumbe ninaoutuma huwa hivi:

"Leo 10:15:42, saa za Afrika Mashariki. Simu imeingia kwenye namba yetu kuu, ikapokelewa, ikasubirishwa 10:16:20, ikahamishwa kwa REFER kwenda ekstensheni ya ndani. Baada ya kuhamishwa, mteja hakusikia kitu, sisi tulimsikia. Simu ilifungwa na upande wenu 10:16:52. Call-ID (utambulisho) ya simu iliyoingia na nakala ya ujumbe wote wa SIP zimeambatanishwa. Tafadhali angalieni kama ACK yetu ya 10:16:20 iliwafikia, na kutoka anwani gani."